Kayaki katika kijito cha mawe na magogo: Hatari iliyojificha kwenye maji ya magotini

WAHENGA walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Ni michezo michache inayoithibitisha methali hiyo kama ule wa kuteremka vijito vya milimani kwa kayaki. Mtu anayesimama ukingoni na kukitazama kijito ambacho maji yake hayamfiki hata kiunoni huona mahali pa watoto kuogelea. Mwendeshaji mzoefu akikitazama kijito hicho hicho huona jambo tofauti kabisa: mteremko usio na pa kupumzikia, mawe yaliyojificha shubiri moja chini ya uso wa maji, na pengine mti ulioanguka usiku wa kuamkia leo nyuma ya kona asiyoweza kuiona.

Wengi huamini kuwa mto wa kuogopwa ni ule mkubwa unaonguruma na kurusha mawimbi yenye kimo cha nyumba. Mto wa aina hiyo una hatari zake, lakini aghalabu humtapika aliyepinduka na kumwacha akielea kwenye maji mapana. Kijito chembamba chenye magogo hakifanyi hivyo. Mti uliolala majini huyaacha maji yapite na kumzuia mtu. Kwa sababu hiyo, ustadi mkuu katika vijito vya namna hii hauko katika nguvu za mabega. Uko katika kuona mapema na kusimama mapema.

Chombo na asili yake

Kayaki ni chombo chembamba kinachofunikwa juu, ambamo mtu hukaa akiwa amenyoosha miguu mbele na kukiendesha kwa kafi lenye bapa kila upande. Asili yake ni kwa Wainuiti na jamii nyingine za kaskazini ya mbali, ambao kwa karne nyingi walikiunda kwa ngozi za wanyama zilizovikwa kwenye kiunzi cha mbao au mifupa, wakakitumia kuwinda sili baharini. Kwa kuwa maji ya huko yanaweza kuua kwa baridi katika muda mfupi, wawindaji hao walibuni ufundi wa kujiinua chombo kinapopinduka, bila ya kutoka ndani yake. Mwaustria Hans Eduard Pawlata anatajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuumudu ufundi huo, mnamo mwaka 1927.

Mapema katika karne ya 20, Mjerumani Johann Klepper alianza kuuza vyombo vya kukunjwa vilivyoweza kubebwa kwenye treni, na mchezo wa kuteremka mito ukaenea Ulaya. Mashindano ya kupita katikati ya milingoti kwenye maji ya kasi yaliingizwa katika Olimpiki ya Munich ya 1972, yakaachwa, kisha yakarejea Barcelona mwaka 1992 na yamedumu hadi leo. Hata hivyo, badiliko lililoufungua mlango wa vijito vya mawe ni plastiki. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vilianza kutengeneza kayaki za plastiki nzito ya kipande kimoja, ambazo hugonga mwamba na kubonyea badala ya kupasuka. Bila plastiki, kijito chenye kina cha magoti kingekuwa makaburi ya vyombo.

Mito haifanani

Ili kuielewa hatari ya kijito, yafaa kwanza kukilinganisha na mto ambao wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaujua. Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria karibu na Jinja, Uganda, hubeba takriban mita za ujazo 1,000 za maji kila sekunde. Eneo hilo lilipata sifa duniani miongoni mwa wapenzi wa kayaki, ingawa baadhi ya maporomoko yake yalizama chini ya mabwawa ya umeme ya Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, na Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019. Huko maporomoko ni makubwa, lakini baada ya kila poromoko huja maji mapana, yenye kina kirefu na vuguvugu. Aliyepinduka ana nafasi ya kujiinua mara mbili au tatu, na akishindwa huogelea hadi wenzake wamfikie.

Nchini Kenya, Mto Mathioya ni wa tabia nyingine. Huo huteremka kutoka milima ya Nyandarua na kupita Murang'a kabla ya kujiunga na Tana. Ni mwembamba, umejaa mawe, na hutegemea mvua: masika na vuli huufanya upitike, na kiangazi kikiingia mawe hujitokeza. Wapenda mchezo huu wanaoufahamu Mathioya tayari wamekwisha kuonja ladha ya kijito.

Mfano unaoeleza mambo kwa ukamilifu zaidi unapatikana Marekani, katika jimbo la Colorado. Boulder Creek ni kijito kinachotoka katika Milima ya Rocky, kikapita katika bonde jembamba na kuingia katikati ya mji wa Boulder. Kati ya mji mdogo wa Nederland, palipo na Bwawa la Barker lililojengwa mwaka 1910, na mji wa Boulder, kijito hushuka takriban mita 30 kwa kila kilomita moja. Maji yake ni ya theluji inayoyeyuka, hivyo hujaa kati ya mwishoni mwa Mei na Juni, kisha hupungua. Hata katika majuma hayo ya neema, wingi wa maji mara nyingi ni kiasi cha mita za ujazo 10 hivi kwa sekunde, yaani takriban sehemu moja kwa mia ya maji ya Nile pale Jinja. Ni maji haya machache ndiyo yanayowatia hofu waendeshaji wenye busara.

Maji yasiyo na kituo

Mito ya maporomoko imegawanyika katika aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni ile ya ngazi na kidimbwi: poromoko, kisha maji yaliyotulia, kisha poromoko jingine. Aina ya pili ni mteremko wa mfululizo, ambapo maji hayatulii kwa mamia ya mita, na pengine kwa kilomita kadhaa. Vijito vingi vya milimani, kikiwemo Boulder Creek katika sehemu zake za bondeni, ni vya aina hii ya pili.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tofauti. Maji yakienda mita 3 kwa sekunde, kasi ambayo si ya ajabu katika kijito cha mteremko, kona iliyo mita 30 mbele hufikiwa kwa sekunde 10. Katika muda huo mwendeshaji sharti atambue kilichopo, aamue njia, na kama njia haipo, apate mahali pa kusimama. Akitumia sekunde 6 kushangaa, amebakiwa na 4 za kujiokoa. Na mtu akipoteza chombo chake, hakuna kidimbwi cha kumpokea. Ataendelea kuburutwa juu ya mawe huku chombo, kafi na wenzake vikitawanyika.

Mahali pa kusimama hupatikana nyuma ya jiwe kubwa au kwenye kingo za kona. Maji yanayolikwepa jiwe huacha nyuma yake sehemu tulivu, na mara nyingi maji ya hapo hurejea kinyumenyume kuelekea kwenye jiwe lenyewe. Waendeshaji huitumia sehemu hiyo kama abiria anavyokitumia kituo cha matatu: huingia, hupumua, hutazama mbele, kisha huondoka. Katika mto mpana vituo hivyo ni vikubwa na vingi. Katika kijito, huenda kituo kikatosha kayaki moja tu, na aliye nyuma akifika wakati kimejaa hana pa kwenda isipokuwa mbele, kusikojulikana.

Kina kifupi si usalama

Aliyekulia kando ya mto huonywa tangu utotoni aogope kilindi. Ndiyo maana watu wengi hushangaa kusikia kwamba maji mafupi yanaweza kuwa ya hatari zaidi. Sababu ni mbili.

Kwanza, anayepinduka katika maji mafupi hupinduka akiwa kichwa chini juu ya mawe. Hana nafasi ya kunyoosha mwili na kafi ili ajiinue kama alivyofundishwa katika bwawa la kuogelea. Wakufunzi huwafundisha wanafunzi wao kujikunja mara moja, uso ukielekea kwenye sitaha ya kayaki na kofia ngumu pamoja na mgongo wa jaketi vikiwa ndivyo vinavyopokea mapigo. Anayeegemea nyuma huyaanika meno na paji la uso wake kwa miamba. Kwenye vijito hivi baadhi ya waendeshaji huvaa kofia zenye kinga ya uso na vitambaa vigumu vya viwiko.

Pili, maji mafupi humshawishi mtu asimame, na kusimama ndiko kunakoua. Mguu ukinasa kati ya mawe mawili, maji humsukuma mtu mbele huku mguu ukibaki nyuma. Mwili hulala, kichwa huzama, na nguvu za maji humzuia asiweze kuinuka tena. Mtu anaweza kufa hivyo katika maji yasiyomfika kiunoni, huku wenzake wakimwona umbali wa hatua chache. Kanuni inayofundishwa duniani kote ni kwamba mtu asijaribu kusimama katika maji yaendayo kasi yanayopita magoti. Alale chali, miguu ikiwa juu na ikitangulia mbele, ajisukume kwa mikono kuelekea ukingoni, na asimame tu pale maji yanapokuwa mafupi na matulivu.

Nguvu hizo zina maelezo mepesi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Isitoshe, msukumo wa maji hauongezeki sawasawa na kasi: kasi ikiongezeka mara 2, msukumo huongezeka mara 4; kasi ikiwa mara 3, msukumo huwa mara 9. Kijito kilichoonekana cha upole asubuhi kinaweza kuwa kitu kingine kabisa jioni baada ya mvua kunyesha milimani.

Gogo ni chujio

Mpishi anapochuja chai, maji hupita na majani hubaki. Mti ulioanguka majini hufanya kazi hiyo hiyo, na mtu ndiye jani. Maji hupenya kati ya matawi bila kupunguza mwendo, lakini kayaki au mwili ukifika hapo hubanwa na uzito wa kijito kizima. Mwamba hauna ukatili huo, kwani maji yanayoupiga hujaa mbele yake na kufanya mto wa povu ambao mara nyingi humsukuma mtu pembeni. Gogo halina mto huo. Linavuta hadi mwisho.

Hatari ya magogo huja kwa sura kadhaa. Lipo gogo lililolala kutoka ukingo hadi ukingo, na katika kijito chembamba mti mmoja tu unatosha kufunga njia yote. Lipo lililo juu kidogo ya uso wa maji, ambalo humpiga mtu kifuani au shingoni. Lipo lililozama, lisiloonekana isipokuwa kwa mstari mwembamba wa maji yaliyonyanyuka. Yapo marundo yaliyokusanywa na mafuriko kwenye kona au juu ya visiwa vya mawe. Na yapo matawi mabichi yanayoning'inia kutoka kwenye miti hai, ambayo mgeni huyashika akidhani yatamwokoa, kumbe yatamvuta atoke kwenye chombo.

Fauka ya hayo, gogo halina anwani ya kudumu. Mwamba uliojulikana mwaka jana bado upo mwaka huu. Gogo huja na upepo wa usiku mmoja na huondoka na mafuriko ya alasiri moja. Ndiyo maana maelezo ya mtu aliyepita wiki iliyopita hayawezi kuchukuliwa kama dhamana.

Jambo jingine la kuzingatia ni vipimo vya ugumu wa mito. Kipimo kinachotumiwa kimataifa kina madaraja sita, la kwanza likiwa la maji mepesi na la sita likiwa la maporomoko ambayo ni nadra mtu kuyathubutu. Kipimo hicho hueleza mawimbi, mawe na wembamba wa njia. Hakiwezi kueleza mti ulioanguka jana. Kijito cha daraja la tatu, ambacho mwanafunzi wa miaka miwili angekimudu, hugeuka kuwa mtego kwa gogo moja tu lililolala nyuma ya kona.

Miti hutoka wapi

Boulder Creek na majirani zake ni ushahidi wa jinsi miti inavyofika majini. Kuanzia miaka ya 1990, wadudu watoboao magome waliua misonobari katika mamilioni ya ekari za misitu ya Colorado. Mti uliokufa husimama miaka kadhaa, mizizi ikaoza, kisha ukaanguka, na ule ulio kando ya kijito huangukia majini.

Moto nao hufanya kazi yake. Mwezi Septemba 2010, moto uliteketeza zaidi ya ekari 6,000 katika bonde la Fourmile, ambalo maji yake huingia katika Boulder Creek. Mteremko uliopoteza majani na mizizi hauwezi kuyashika maji ya mvua; udongo, mawe na mashina huporomoka pamoja.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 2013, ikaja mvua iliyoacha kumbukumbu chungu. Kwa muda wa takriban wiki moja Boulder ilipata zaidi ya milimita 400 za mvua, katika mji ambao kwa kawaida hupata milimita 500 na ushei kwa mwaka mzima. Watu walipoteza maisha, barabara za mabondeni zilikatika, na mji wa Lyons, ulio kwenye Mto St. Vrain kaskazini mwa Boulder, ulitengwa na ulimwengu wa nje. Maji yalipopungua, vijito vilikuwa vimebadilika. Mahali palipokuwa na njia palikuwa na marundo ya miti, nyaya za nyua na vipande vya madaraja. Waendeshaji waliorejea walilazimika kuvisoma upya vijito walivyovijua kwa miaka mingi.

Kabla ya kuingia majini

Kwa kuwa kijito hakitoi nafasi ya kufikiri, sehemu kubwa ya usalama huamuliwa nchi kavu. Jambo la kwanza ni kutembea kando ya kijito. Pale barabara au njia ya miguu inapofuata maji, kama ilivyo katika bonde la Boulder, hakuna kisingizio cha kutotazama. Kila kona isiyoonekana mwisho wake hukaguliwa, na pale penye gogo huwekwa alama ukingoni, mbali ya kutosha ili mtu aione akiwa bado ana nafasi ya kusimama.

La pili ni kiwango cha maji. Kwenye kijito chenye mawe, maji machache hukwamisha chombo na kukigeuza ubavu, na maji mengi hufunika vituo na kuongeza kasi. Maji yakipanda pia, gogo lililokuwa juu ya vichwa hushuka, kwa namna ya kusema, hadi kwenye usawa wa shingo. Kiwango kilicho salama kwa mawe huenda kisiwe salama kwa magogo.

La tatu ni baridi. Maji ya theluji hukata pumzi katika dakika ya kwanza, na baada ya takriban dakika 10 vidole huanza kushindwa kushika kamba. Wataalamu hushauri kwamba maji yaliyo chini ya nyuzi 10 za selisiasi yahesabiwe kuwa magumu zaidi kwa daraja moja zima.

La nne ni vifaa. Kayaki ya kijito huwa fupi, pana na ya mviringo mbele, ili iibuke haraka baada ya kushuka na isichome katikati ya mawe. Kofia ngumu, jaketi la kuelea, viatu vyenye nyayo ngumu na filimbi si mapambo. Kila mmoja hubeba kamba ya kurusha iliyotiwa mfukoni, kisu kinachofikika kwa mkono mmoja, na angalau mmoja katika kundi hubeba msumeno wa kukunja. Aidha, watu huenda wasiopungua watatu: mmoja akinasa, mwingine hubaki naye na wa tatu hufuata msaada.

Ishara na mpangilio

Ndani ya maji, kelele humeza sauti, hivyo mazungumzo hufanywa kwa kafi. Kafi likisimamishwa wima, njia ni nyeupe. Likishikwa juu ya kichwa kwa ulalo, kila mtu asimame. Mkono unapoelekeza upande, huelekeza kule kwa kwenda na kamwe hauelekezi kwenye hatari, kwa maana aliye mbali hawezi kujua kama anaonywa au anaitwa. Mlio mmoja wa filimbi huomba macho ya wenzake. Mitatu mirefu huomba msaada.

Kiongozi husogea kutoka kituo hadi kituo, na haondoki kwenye kimoja kabla hajakiona kinachofuata. Hii ndiyo kanuni kuu ya vijito: usiingie mahali ambapo hujaona pa kutokea. Kama kona imeficha kila kitu, kiongozi hutoka kwenye chombo na kutembea. Kutembea mara 20 kwa siku moja hakumpunguzii mtu heshima. Wanaofuata huacha nafasi ya kutosha, ili kila mmoja apate kituo chake na asimsukume aliye mbele kwenye rundo la miti.

Mambo yakiharibika

Kayaki ikisukumwa ubavu dhidi ya mwamba, silika humwambia mtu ajikunje kuukimbia mwamba huo. Silika hiyo ni ya kupotosha. Anayeegemea upande wa maji yajayo huyaruhusu yapande juu ya sitaha na kumpindua. Anapaswa kuegemea mwamba, hata kuukumbatia, kisha ajisukume taratibu mbele au nyuma hadi achomoke. Kwenye gogo kanuni ni hiyo hiyo: mwili uende juu ya gogo, usiende chini yake.

Aliyekwisha kupoteza chombo na kuona mti mbele yake anapaswa kwanza kuogelea kwa nguvu zake zote kuelekea pembeni. Ikiwa hakuna njia ya kuukwepa, ile kanuni ya kulala chali hukoma hapo. Anageuka kifudifudi, anaogelea kichwa mbele moja kwa moja kuelekea gogo, na anapolifikia anajirusha juu yake kwa mikono na kupiga teke hadi kifua na tumbo vipande. Anayefika miguu mbele huingizwa chini, na matawi yasiyoonekana hukamata miguu, mikanda na jaketi.

Waokoaji nao wana mipaka yao. Wa kwanza kufika huhakikisha kichwa cha aliyenaswa kiko juu ya maji, kwa mkono au kwa kamba iliyopitishwa kifuani, kabla ya kufikiria jinsi ya kumchomoa. Hakuna anayejifunga kamba kiunoni kwa fundo la kawaida, kwani kamba hiyo inaweza kumzamisha mwokoaji mwenyewe. Na daima mtu mmoja hukaa upande wa juu kuwazuia wengine wasiteremke juu ya ajali. Hewa ikikatika, dakika ni chache mno. Ndiyo sababu mafunzo ya uokoaji wa mtoni hutangulia safari badala ya kuifuata.

Je, magogo yaondolewe?

Swali hili huulizwa kila baada ya ajali, na jawabu lake si jepesi. Katika karne ya 19 Wamarekani waliona magogo kuwa adui wa biashara. Rundo kubwa katika Mto Red, jimboni Louisiana, lilienea kwa zaidi ya kilomita 200. Kapteni Henry Shreve, ambaye mji wa Shreveport umepewa jina lake, alianza kulifungua mwaka 1833 na akamaliza 1838, lakini miti ilijikusanya tena na njia haikusafishwa kikamilifu hadi mwaka 1873, kwa baruti kali.

Sayansi ya baadaye ilionyesha upande wa pili wa sarafu hiyo. Magogo hupunguza kasi ya maji, huchimba vidimbwi ambamo samaki hupumzika na kukua, hushika changarawe za kutagia mayai na huzuia kingo zisimomonyoke. Mito iliyosafishwa ilipoteza samaki. Kwa sababu hiyo, katika jimbo la Washington wahandisi wamekuwa wakijenga marundo ya magogo kwa makusudi tangu miaka ya 1990. Katika Mto Elwha, ambako mabwawa mawili makubwa yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, jamii ya wenyeji wa asili ya Lower Elwha Klallam ilishiriki kuyaweka magogo hayo ili samaki aina ya samoni warejee.

Hapo ndipo masilahi mawili yanapokutana. Mpenda kayaki anataka njia iliyo wazi. Samaki anataka mti ulale palipoangukia. Mashirika kama American Whitewater, lililoanzishwa mwaka 1954, yamejikuta yakitetea mito iliyo hai na wakati huo huo yakiomba kwamba marundo ya kutengenezwa yawekwe mahali yanapoonekana kwa mbali na penye njia ya kutoka. Desturi iliyokubalika miongoni mwa waungwana wa mchezo huu ni kukata tawi au gogo moja linalofunga njia katika mahali pa hatari, kwa idhini inapohitajika, na kuyabeba mavyombo mabegani kuyapita mengine yote.

Funzo kwa wasioshika kafi

Wengi wa wasomaji hawatawahi kuketi ndani ya kayaki. Hata hivyo, kila msimu wa mvua watu katika nyanda za juu za Kenya huvuka mito kwa miguu wakienda shuleni, sokoni au shambani, na sheria za maji hazibagui mwanamichezo na mpita njia. Maji ya magotini yanayokimbia yanaweza kuunasa mguu wa mwanafunzi vile vile. Mti uliolala chini ya kivuko, unaoonekana kama kitu cha kushikilia, ni chujio lile lile. Anayelazimika kuvuka hana budi kutazama kwanza kilichopo upande wa chini, kwa kuwa huko ndiko atakakopelekwa akiteleza. Kama kuna magogo, hapo si mahali pa kuvukia.

Waendeshaji wakongwe wa vijito hawapimwi kwa maporomoko waliyoyashuka. Hupimwa kwa mara walizosimama ukingoni, wakaangalia mti mmoja mwembamba uliolala juu ya maji mafupi, wakabeba vyombo vyao mabegani na kupita kwa miguu. Kawia ufike, walisema wahenga.